Hiyo Njia Si Yetu

Tangu turudi kutoka Ujerumani nimepokea jumbe nyingi za kuulizia habari za Wittenberg na za ngome ya Wartburg, nami nitazileta moja baada ya nyingine. Lakini leo nataka tuchukue siku moja tu, ile Alhamisi tuliyoshinda ndani ya gari tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwa safari ambayo wenyeji huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ukicheka, cheka tu. Hata sisi tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kuna mahali pamoja ambapo hayo machozi yaligeuka yakawa ya namna nyingine, na hapo ndipo ninapotaka tufike mimi na wewe.

Tulikuwa watu 16 katika magari mawili ya kukodi, kila moja la viti tisa, mizigo ikiwa imejaa mpaka dirishani. Tulikuwa tumelala Eisenach, mji ulio chini ya ngome ambamo Martin Luther alifichwa mwaka 1521 na kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa majuma kama 11 tu. Siku hiyo tulikuwa tunaelekea Korntal, karibu na Stuttgart, zaidi ya kilomita 300. Kwa nini Korntal? Kwa sababu huko ndiko alikofia Johann Ludwig Krapf, mwaka 1881. Ndiyo, Krapf yule wa Rabai. Alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshalala. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, naye alifia Korntal, mwaka 1876, baada ya kupofuka. Kwa hiyo tulitoka mezani kwa mtafsiri mmoja tukaenda kwenye kaburi la mwingine. Ndugu wa huko walituambia watatungoja saa tisa alasiri kwa kahawa na keki. Tafadhali ikumbuke hiyo keki.

Gari la kwanza liliendeshwa na ndugu yetu anayeishi Frankfurt, na huyo barabara zile anazijua kama njia ya kisimani. La pili, ambalo mimi nilikuwa ndani, liliendeshwa na shemasi wetu. Wengi wenu mnamfahamu. Ameendesha basi la Nairobi kwenda Malaba miaka 19. Ameshuka mteremko wa Mai Mahiu usiku kwenye ukungu, lori mbele, lori nyuma, na hajawahi kupiga kelele. Asubuhi ile alikalia usukani akasema, "Mchungaji, barabara ni barabara."

Barabara si barabara, mpendwa.

Kwanza, usukani uko kushoto na mnaendesha upande wa kulia. Hilo alilizoea baada ya nusu saa. Kilichomshinda ni indiketa. Kwenye magari yetu yanayotoka Japani indiketa iko mkono wa kulia. Kule iko kushoto, na kulia ndiko ziliko waipa. Kila shemasi alipotaka kubadilisha leni, waipa zilianza kupiga kazi, jua linawaka, wingu hakuna hata la dawa. Kufikia saa nne kioo chetu cha mbele kilikuwa kisafi kuliko kioo cha gari lolote nchini Ujerumani.

Pili, mwendo. Sehemu nyingi za Autobahn hazina kikomo cha mwendo. Inapendekezwa tu usipite 130, nalo ni pendekezo, si sheria. Malori yanakwenda 80 upande wa kulia, na ukitaka kuyapita lazima uingie leni ya kushoto. Unaangalia kioo cha pembeni, hakuna mtu. Unawasha waipa, samahani, indiketa. Unaangalia tena, na tayari kuna gari jeusi limekujia mgongoni, na wala hukuliona likitokea wapi. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 9, kinasema mlinzi alimtambua Yehu akiwa bado mbali kwa jinsi alivyoendesha gari lake kama mwenye wazimu. Kule mlinzi angechanganyikiwa. Kila anayekuja ni Yehu.

Tatu, mafuta. Tuliingia kituo cha mafuta karibu na Bad Hersfeld, shemasi akasimamisha gari vizuri kando ya pampu, akafungua dirisha, akakaa. Nasi tukakaa. Tukaimba pambio moja. Tukaimba la pili. Nyuma yetu magari yakapanga foleni, hakuna aliyepiga honi. Mwishowe mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, akashuka kwenye gari lake, akaja taratibu mpaka dirishani, akatuonyesha pampu kwa kidevu, kisha akamwonyesha shemasi kwa kidole. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba hakuna kijana wa pampu. Unajimwagia mwenyewe, halafu unaingia ndani kulipa. Shemasi alimwaga dizeli akitikisa kichwa. "Yaani wanakuacha umwage kwanza ndipo ulipe? Na hawashiki hata ufunguo wako?" Jambo hilo lilimgusa kuliko ngome ya Luther, na siwezi kumlaumu.

Sasa njoo tukapotee. Mbele kidogo, mahali paitwapo Kirchheim, ile barabara ya A4 inakutana na A7. Ukichagua kusini unakwenda Fulda na Würzburg, ndiko kwetu. Ukichagua kaskazini unakwenda Kassel. Gari la mbele likaenda kusini. Lori likaingia kati yetu, na sisi tukaenda Kassel.

Kile kifaa cha kuelekeza njia kilikuwa kinaongea Kijerumani, na hakuna aliyejua kukibadilisha. Binti pekee kati yetu anayejifunza Kijerumani alikuwa amelala kiti cha nyuma, visikizi masikioni. Sauti ya yule mama wa kwenye kifaa ikaanza: "Bitte wenden. Bitte wenden." Mzee wetu wa kanisa akatega sikio, akasema, "Anasema wende. Shemasi, si umesikia? Tuende!" Shemasi akaongeza mwendo. "Bitte wenden!" Akina mama wakaitikia, "Twende, twende!" Tulikwenda hivyo zaidi ya kilomita kumi, na kadiri tulivyozidi kutii ndivyo yule mama alivyozidi kutubembeleza, mpaka simu ya ndugu yetu wa Frankfurt ilipopigwa na binti akaamka. Akasikiliza mara moja tu. "Mchungaji, anasema geuzeni gari." Na kwenye Autobahn hugeuzi gari. Unakwenda mpaka njia ya kutokea, hata iwe mbali namna gani, ndipo uzunguke. Tulipoikuta tulikuwa tumechelewa, tumecheka mpaka mbavu zinauma, na keki ya Korntal ilikuwa imeanza kuingia mashakani.

Nimekueleza hayo yote ili ujue tulikuwa katika hali gani tulipofika kwenye jambo lenyewe. Tulikuwa tumechoka, tumechelewa, tuko peke yetu bila lile gari la mbele, na kila mtu anaomba Mungu afupishe njia.

Kusini mwa Fulda barabara inapanda na kushuka vilimani, leni mbili kwenda na mbili kurudi. Ghafla taa nyekundu zikawaka mbele yetu, gari baada ya gari, na msafara wote ukaanza kutambaa. Halafu nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona maishani mwangu. Bila askari, bila honi, bila mtu kushuka na kupunga mkono, magari ya leni ya kushoto yakajisogeza mpaka kingo za kushoto, na ya leni ya kulia yakajisogeza mpaka kulia kabisa. Katikati ya barabara ikabaki nafasi wazi, pana ya kutosha gari kubwa, nyoofu, inakwenda mpaka macho yanapoishia.

Ndani ya gari kukawa kimya kama sekunde tatu. Kisha mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Haleluya! Bwana ametufungulia njia!" Wenzake wakadaka. Mmoja akaanza kuimba. "Shemasi, kanyaga!"

Usiwacheke haraka. Ungekuwa wewe, wa kutoka Githurai au Kitengela, ungeona nini? Kwetu leni ikifunguka, hata ya kando, hata ya wanaokuja, matatu tatu zimeshaingia kabla hujamaliza kushukuru. Shemasi, miaka 19 ya Malaba ikiwa mikononi mwake, aliwasha waipa na kuanza kukata kona.

Lori lililokuwa kuliani mwetu likapiga honi ndefu. Ilikuwa honi ya kwanza tuliyoisikia siku nzima. Dereva akatoa mkono dirishani, kiganja kimekunjuliwa, akautuliza hewani kama anayemtuliza mtoto: kaa hapo. Na yule binti wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Shemasi, hiyo njia si yetu."

Akatueleza. Neno lao ni Rettungsgasse. Rettung ni kuokoa. Gasse ni kichochoro. Kichochoro cha kuokoa. Ni sheria kwamba kwenye barabara kuu, magari yakianza kwenda mwendo wa mtu anayetembea au yakisimama, lazima nafasi hiyo iachwe katikati, iwe kuna king'ora au hakuna. Asiyeiacha hutozwa faini inayoanzia euro 200 na huweza kukatazwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Alifundishwa darasani Nairobi, kwenye somo la maneno marefu.

Alikuwa hajamaliza tulipokisikia. King'ora kikatoka nyuma, kikakua, na gari la wagonjwa likapita kando ya dirisha letu kwa mwendo ule ambao sisi hatujawahi kuona ambulansi ikienda barabara imejaa. Nyuma yake zimamoto. Nyuma yake ambulansi nyingine. Gari letu lilitikisika kwa upepo wao. Hazikugusa breki hata mara moja. Kisha zikaisha, na nafasi ikabaki wazi vilevile, hakuna aliyezifuata.

Hapo ndipo tuliposikia kilio. Ni dada yetu mmoja wa idara ya akina mama, aliyekaa nyuma ya shemasi. Naandika haya kwa ruhusa yake, na amesema niyaandike yote. Mume wake alianguka bafuni miaka sita iliyopita, jioni ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mnaijua Nairobi jioni ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Gari la wagonjwa lilipatikana, wakaingia, yeye ameshika mkono wa mzee, na kwenye barabara ya Mombasa wakasimama. King'ora kililia karibu saa nzima mahali pamoja. Mzee alifariki wakiwa wanaziona taa za hospitali.

Miaka yote hii mimi nikiwa mchungaji wake nilijua habari hiyo, ila kitu kimoja hakuwahi kunieleza mpaka siku ile. Akasema, "Mchungaji, watu hawakuwa wabaya. Walikuwa wanatazama nyuma. Wengine niliwaona wameshika kichwa. Huyu akajaribu kusogea kushoto, yule akasogea kulia, wakazidi kufungana. Hakuna aliyekataa. Ni vile tu hakuna aliyejua aende upande gani."

Hakuna aliyejua aende upande gani. Nimehubiri miaka mingi, mpendwa, na sijui kama nimewahi kusikia kanisa likielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Tulikaa pale karibu saa mbili. Wale wale waliokuwa wakiimba kwamba njia imefunguka wakamwombea mtu aliyekuwa mbele yetu, ambaye jina lake hatulijui mpaka leo, na walimwombea kama ndugu yao.

Nami pale kwenye foleni nikakumbuka swali tuliloulizwa chuo cha Biblia. Somo lilikuwa Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne mpaka wakatoboa dari. Mwalimu akauliza: nani aliziba mlango? Tukanyoosha mikono. Waandishi! Mafarisayo! Akasema, someni tena. Waandishi walikuwamo, wameketi, lakini waliojaza ile nyumba mpaka mlangoni hapakuwa na nafasi ni watu waliokuja kusikiliza neno. Ibada ilikuwa imejaa. Mhubiri alikuwa Yesu mwenyewe. Na mgonjwa alishindwa kupita kwa sababu ya migongo ya waumini. Hakuna anayeambiwa hapo kwamba alikataa kupisha. Walikuwa wamegeukia mbele tu.

Ndugu, sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawasifu Wajerumani kwamba ni watakatifu. Yule dereva wa lori sidhani alikuwa anatupenda. Lakini alijua kitu ambacho kilikuwa kimeamuliwa kabla ajali haijatokea: wa kushoto aende kushoto, wa kulia aende kulia. Hakungoja aguswe moyo. Sisi tuna mioyo, hilo namshuhudia Mungu. Mtu akifiwa hapa kwetu mnafurika nyumbani kwake mpaka sufuria hazitoshi. Lakini angalia tunaanza lini. Kundi la WhatsApp la mchango linafunguliwa siku ambayo mgonjwa ameshapona, ameruhusiwa, na hawezi kutoka kwa sababu ya bili. Saa nane za usiku mtoto akikosa pumzi, mama anapiga simu kwa watu saba wenye magari, na wote saba wangekuja, ila kila mmoja anadhani mwenzake amekwenda. Jumapili nikiita wagonjwa waje mbele, wanaofika kwanza ni wenye nguvu ya kupenya. Mwenye mgongo mbovu bado anahangaika na viti vya mstari wa kumi.

Na hili la kuomba njia ifunguke, tutaendelea kuliomba, msinielewe vibaya. Mungu hufungua njia, naye ametufungulia wengi wetu. Ila tangu siku ile, nikiona nafasi wazi mbele yangu, mahali ambapo hakuna msukumano, nasita kidogo kabla ya kusema amina. Najiuliza kama kuna mtu nyuma anakuja nayo. Kazi inayotangazwa ofisini kwako na wewe tayari unayo. Kipaza sauti cha ushuhuda kinachokujia kwa mara ya tatu mwezi huu. Sehemu ya kuegesha gari karibu kabisa na mlango wa kanisa. Huenda ni yako. Kaa kando kwanza usikilize.

Msongamano ulipoachia tulisimama mahali pa kupumzikia, maana unajua hali ya watu 8 baada ya saa mbili bila kushuka. Choo kina mashine mlangoni, unaipa euro 1 inakuruhusu kupita, na inakurudishia kikaratasi cha kupunguziwa bei dukani. Mzee wetu alikataa kata kata kwamba mtu alipe zaidi ya shilingi 100 kwa jambo ambalo Mungu amelitoa bure. Alishikilia msimamo huo kwa dakika nne. Kikaratasi chake amekuja nacho mpaka nyumbani, kipo ndani ya Biblia yake.

Korntal tulifika saa mbili na robo usiku, jua bado liko juu, jambo ambalo shemasi hakuliafiki hata kidogo. Wale ndugu walikuwa bado wanatungoja. Keki ilikuwepo, imefunikwa kwa kitambaa. Makaburini tulikwenda asubuhi yake, na dada yetu ndiye aliyeomba, kwa Kiswahili, kwenye kaburi la mtu aliyemzika mkewe Mombasa akabaki kutuandikia maneno. Hilo nitaliandika siku nyingine, leo sitaweza.

Sasa tangazo. Kuanzia Jumapili hii, viti vya katikati ya kanisa vinaondolewa, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, nafasi ya machela kupita. Wenye magari walio tayari kupigiwa simu usiku, wawili kwa kila mtaa, waandikishe majina kwa katibu kabla ya ibada ya pili. Tutapanga zamu, ili kila usiku ijulikane ni nani. Mfuko wa dharura unafunguliwa sasa, wakati hakuna mgonjwa wadini, na dada yetu amekubali kuwa mweka hazina.

Ukikuta kiti chako cha miaka yote hakipo, usigombane na wahudumu wa mlangoni. Nenda kamuulize shemasi. Amejifunza kulitamka lile neno refu, anadai, na anatafuta mtu wa kumwambia.